Vagheni na Neno Aksanti

Kule upande wa Mutwanga, chini ya milima ya Rwenzori, Vagheni na bwana yake Lusenge walijulikana kwa shamba lao la kakao. Halikuwa kubwa. Lilijulikana kwa sababu walilipalilia kama watu wanaofagia uwanja wa kanisa kabla ya Pasaka, na majirani waliopita njiani walisimama kutazama. Nguo zao zilinuka ule uchachu wa kakao iliyofunikwa ili iive, hata zikishafuliwa, na Vagheni alisema ndiyo harufu ya ada ya shule. Walikuwa na watoto wawili. Delphin alikuwa kijana mwenye ndevu za kwanza. Séphora alimfuata kwa mbali sana, kwa kuwa kati yao mimba zote zilikuwa zimetoka, naye alikuwa bado wa darasa la tatu.

Asubuhi moja ya mavuno Lusenge na Delphin walitangulia shambani. Vagheni alibaki nyumbani, maana Séphora alikuwa na homa na kulikuwa na kakao ya kugeuzwa juani. Jua lilikuwa halijapanda sana aliposikia risasi. Hakungoja kuuliza ni nani wanaopiga, kwa kuwa kila mtu wa kule anajua ni waasi wa porini. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akanyakua furushi la nguo zake na kukimbilia barabarani pamoja na wengine.

Jioni vijana wa kijiji waliingia mashambani pamoja na askari. Walimkuta Delphin chini ya miti ya kakao, yeye na watu wengine kadhaa. Lusenge hawakumkuta. Waliowapeleka watu porini wakiwa hai walikuwa wameacha nyayo zilizokwenda upande wa mto, kisha nyayo zikapotea. Delphin alizikwa haraka, katika kaburi moja na majirani zake, pasipo padri. Vagheni alirudi kwa mazishi hayo, na wanawake wakubwa walimshika mabega, wakamwambia asimtazame mwanawe usoni. Alitii. Baadaye hakujua kama walimtendea vema au vibaya.

Alikimbilia Beni, akalala katika darasa la shule pamoja na watu wengi, kisha akafika Butembo kwa Nadège, binti wa baba mdogo wa Lusenge. Nadège aliuza unga sokoni na kuishi juu ya kilima na bwana yake na watoto wake. Aliwapa chumba alichowekea magunia. Alikuwa mtu wa roho njema, lakini alikuwa amechoka, na nyumba yake ilikuwa imejaa kabla hata wao hawajafika. Kwa Kinande, Vagheni maana yake ni wageni. Majirani walilitania jina hilo, eti mama huyu alizaliwa akijua atakuwa nani. Hakuchukia. Hakucheka pia.

Miezi ile ya kwanza alikaa tu. Alipopewa sufuria aangalie, bugali iliungua mbele ya macho yake. Hakuchana nywele. Usingizi ulimjia mchana na kumkimbia usiku. Nadège alimsema kwa upole, kisha akamsema kwa ukali, na alipoona hakuna kinachobadilika akamshika mkono na kumpeleka parokiani. Kila Jumatano, muuguzi mmoja mstaafu aitwaye Anne-Marie alikusanya pale akina mama waliokimbia vita.

Anne-Marie alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Katika mafunzo fulani alikuwa amejifunza kwamba mtu anayetafuta kila siku jambo moja la kushukuru, hata dogo, roho yake hupata nguvu ya kuvumilia. Ndilo alilowafundisha wanawake wale. Lakini hakuwafundisha kama mtu anayehubiri. Siku Vagheni alipofika mara ya kwanza, Anne-Marie aliwaambia wote hivi:

“Siwaombe museme vibaya ni vizuri. Vibaya vikae vibaya. Mais mutafute kitu kimoja tu, hata kidogo namna gani, kenye leo hakikuwaacha. Mukishike.”

Wanawake waliongea mmoja mmoja. Kaswera, ambaye nyumba yake ilichomwa moto, alishukuru kwa chumvi aliyopewa na jirani asiyemjua. Mwingine alishukuru kwamba mtoto wake mchanga, baada ya kuharisha juma zima, leo alikuwa amejisaidia kama mtu mzima. Wote walicheka, na mwenyewe akacheka hadi machozi yakamtoka. Zamu ya Vagheni ilipofika, alisema anamshukuru Mungu kwa ajili ya maji. Jumatano iliyofuata alisema tena maji. Na iliyofuata pia.

Walipokuwa wakipanda kilima kurudi nyumbani, Kaswera alimuuliza ni maji gani hayo anayoyashukuru, wakati Butembo nzima inapanga madumu kwenye bomba tangu alfajiri.

“Nasemaka maji juu maji hainiulizi kitu,” Vagheni akajibu.

Kaswera alielewa. Hakumuuliza tena.

Séphora alikuwa akienda naye parokiani, kwa sababu hakutaka kuachwa mahali popote bila mama yake. Alikaa kwenye benchi la nyuma, akasikia yote. Hakuna aliyemfundisha, lakini jioni moja, baada ya chakula, aliweka sahani chini na kusema anasema aksanti kwa sababu maharagi ya leo hayakuwa na mawe. Kesho yake alishukuru kwa viatu vya zamani vya Keren, binti wa Nadège, ambavyo vilikuwa vinamtosha. Ikawa desturi yake. Watoto wa Nadège nao walianza kumwiga, na nyumba ilijaa aksanti za mbuzi wa jirani na za mwalimu aliyeugua.

Vagheni alisikia kila aksanti kama mwiba unaoingia chini ya ukucha. Aliona mtoto wake amenyang'anywa baba, kaka, nyumba na hata harufu ya nguo zake, halafu anasimama kushukuru kwa viatu vya mtu. Alitaka kumnyamazisha. Nadège alimzuia, akamwambia mtoto anajitafutia mahali pa kushika, na asipopapata atamshika yeye mama, naye mama mwenyewe haoni pa kushika.

Kisha siku moja Séphora alisema jambo jingine. Aliinamisha kichwa kama kawaida na kutamka polepole, kwa sauti ya mtoto anayesoma darasani:

“Namuambia Mungu aksanti juu habayamuona papa.”

Nadège aliacha kutafuna. Vagheni alimuuliza mtoto anasema nini.

“Delphin, balimuona,” Séphora akajibu. “Benye banaonekana, banakuwaka bamekufa. Papa habayamuona. Donc angali muzima.”

Vagheni alitoka nje, akasimama karibu na ukuta wa jikoni, mikono imekumbatia tumbo. Chini taa za mji zilikuwa zimeanza kuwaka moja moja, na pikipiki zilipanda kilima zikiunguruma. Alisimama pale mpaka watoto walipolala.

Tangu siku ile alibadilika. Asubuhi aliomba kitana. Alianza kuchekecha unga wa Nadège, kisha kubeba magunia kutoka sokoni, kisha kukaa kwenye meza ya sokoni Nadège akiwa na kazi nyingine. Jumatano alifika parokiani kabla ya wenzake na kupanga mabenchi. Wakimbizi wapya walipokuja kutoka upande wa Beni, yeye ndiye aliyewapokea mlangoni, akawaonyesha pa kuketi, akawaambia wanaweza kunyamaza mwanzoni, hakuna atakayewalazimisha. Zamu yake ilipofika aliendelea kusema maji, lakini sasa alisema akitabasamu, na wanawake walitabasamu naye. Anne-Marie alimtazama na kufurahi. Alisema mbele ya wote kwamba Vagheni amejifunza.

Kwa kweli Vagheni alikuwa amejifunza jambo moja tu, naye alilichukua kutoka kwa mtoto. Alipoamka alisema moyoni: hawajamwona. Alipobeba gunia alisema: hawajamwona. Ilikuwa shukrani ya kweli, nayo ilimpa nguvu ya kweli, na hakumwambia mtu yeyote. Nguvu zake zote zilisimama juu ya neno hilo.

Msimu wa mvua ulipita ukaja mwingine. Ndipo Issaka, dereva wa lori aliyekuwa akipakia kakao za watu wa Mutwanga na kuzipeleka Kasindi mpakani, alipofika sokoni kwenye meza ya unga. Alikuwa Mwislamu wa Beni, mtu mzima, aliyewafahamu Lusenge na mkewe kwa miaka mingi. Alimweleza Vagheni kwamba kuna kijana anaitwa Esdras, ametoka porini baada ya jeshi kushambulia kambi aliyofungiwa, yuko Beni kwa shangazi yake, naye anawauliza watu kuhusu jamaa ya Lusenge wa Mutwanga. Issaka alisema hayo akitazama magunia. Nadège aliona anavyotazama magunia, akajua. Vagheni hakuona.

Usiku ule alifua kikwembe chake kizuri na kukianika ndani. Asubuhi alitia katika mfuko shati la Lusenge, lile moja alilokimbia nalo bila kujua, kwa kuwa lilikuwa kati ya nguo za Séphora. Alimwambia mtoto anakwenda Beni kwa mambo ya msaada. Kisha akapanda lori na Issaka.

Njiani hakunyamaza. Yeye, aliyeshukuru maji mwaka mzima, alishukuru kila kitu. Alishukuru kwamba mvua haikunyesha na barabara ilikuwa kavu. Walipopita Maboya alishukuru kwa wanawake waliouza ndizi kando ya njia, kwamba bado wapo. Kwenye kizuizi askari aliwaruhusu kupita bila maneno, akamshukuru hata yule askari, ambaye hakumsikia. Issaka aliendesha bila kujibu. Walipokaribia Beni alisimamisha lori pembeni na kuzima injini.

“Mama Delphin,” alisema, “nilishindwa kukuambia mbele ya batu. Ule kijana haiko na habari ya muzuri.”

Vagheni aliushika mfuko wake kwa mikono miwili. Malori mengine yalipita, vumbi likaingia dirishani.

“Endesha tu, papa Issaka,” alisema.

Esdras alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi uani kwa shangazi yake. Alikuwa kijana wa rika la Delphin, mwembamba, miguu imejaa makovu ya miiba, na alipozungumza alitazama ardhi. Shangazi alimletea Vagheni kiti na kuondoka. Issaka alibaki mlangoni.

Esdras alieleza kwamba walikuwa wengi, wamefungwa kamba viunoni, wakibebeshwa magunia na masufuria na kakao za watu. Lusenge alikuwa mbele yake katika mstari. Walipopewa ndizi iliyochomwa, mara nyingine Lusenge alimkatia kipande cha yake, kwa sababu alisema ana mtoto wa umri kama wake. Lusenge hakujua kwamba Delphin amekufa. Baadaye aliumia mguu, ukavimba, akapata homa. Siku moja walipopumzika karibu na kijito, hakuweza kuinuka. Wale watu hawakupoteza risasi, waliona anakufa mwenyewe. Waliwaambia wengine wangoje kidogo, na kabla ya kuamriwa kuondoka, alikuwa amekwisha kufa. Esdras aliomba ruhusa ya kumfunika. Mlinzi mmoja aligeuza uso, naye akakata majani kwa mikono, yale mapana ya matungulu yanayoota kwenye maji, akamfunika.

Vagheni alisikiliza yote bila kulia. Kisha akauliza:

“Ulimufunika uso?”

“Uso kwanza, mama.”

“Alilala namna gani?”

“Nilimulaza kwa upande. Kama mutu mwenye analala.”

Alimuuliza kama Lusenge alisema neno lolote juu yao, yeye na Séphora. Esdras angeweza kumpa uongo mzuri, na Vagheni angemwamini. Lakini alisema hapana, siku ya mwisho aliomba maji tu, na mwisho kabisa alimwita mama yake mzazi. Vagheni akatikisa kichwa. Mama yake Lusenge alikuwa amekufa zamani. Vagheni alifungua mfuko na kumpa kijana lile shati. Lilikuwa kubwa mno kwake, lakini alilivaa pale pale juu ya lile alilokuwa nalo, akifunga vifungo vyote.

Alirudi Butembo siku iliyofuata. Jioni, baada ya chakula, Séphora aliinamisha kichwa akasema aksanti juu habayamuona papa. Vagheni hakumkatiza. Kesho yake ilikuwa vile vile, na juma lililofuata pia. Nadège, aliyekuwa ameambiwa yote, alimbana jikoni, akamwambia hawezi kumwacha mtoto amshukuru Mungu kwa jambo ambalo halipo, ni kama kumtia mtoto ubaya mdomoni. Vagheni alimjibu kwamba ameshindwa, kwa sababu akimwambia atakuwa anamnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho, na safari hii mnyang'anyi atakuwa yeye mama yake.

Alimwambia Séphora Jumapili moja baada ya misa. Walikuwa wameketi kwenye ukuta mfupi nje ya kanisa, watu wakitawanyika na nguo zao za sikukuu. Alimshika mkono.

“Papa, balimuona,” alisema. “Kijana moja alimuona. Alimufunika vizuri.”

Séphora alitazama miguu yake ndani ya viatu vya Keren. Hakulia. Kisha aliuliza:

“Donc nilikuwa nashukuru bure?”

Wakainuka, wakapanda kilima.

Baada ya hapo Séphora hakusema tena aksanti. Nyumba nzima ilipoombea chakula, alifunga mdomo na kutazama sahani. Akipewa kitu alikipokea kwa mikono miwili, kama alivyofunzwa, lakini neno halikutoka. Watoto wa Nadège nao waliacha mchezo wao. Na Vagheni alirudi chumbani kwenye magunia. Yale aliyokuwa akijiambia alipoamka hayakuwepo tena, na hakuna jingine lililokuja mahali pake. Siku za Jumatano zilipita bila yeye kwenda parokiani.

Anne-Marie alikuja mwenyewe kumtafuta. Aliketi juu ya gunia la unga, akafuta miwani yake kwenye kikwembe. Nadège alikuwa amekwisha kumwambia yote. Anne-Marie alikiri kwamba hajui la kumfanyia. Alisema yeye alifundishwa dawa hiyo na akaigawa kama alivyogawa vidonge miaka yote zahanatini. Wengine inawasaidia kulala na kula. Wengine aliwaona ikiwashinda, nao hawakuwa na kosa. Hakuwa na dawa nyingine ya kumletea. Alichoweza ni kuja kukaa naye. Akakaa mpaka mvua ilipoisha, kisha akaenda zake.

Vagheni alirudi parokiani katika juma la mvua nyingi, wakati wanawake waliofika walikuwa wachache na bati lilipigwa na mvua kwa kelele hata ikabidi wasogezeane mabenchi. Zamu yake ilipofika wote walingoja maji. Anne-Marie alitaka kumpita, ndipo Vagheni alipoanza kuongea.

“Namuambia Esdras aksanti,” alisema. “Delphin, sikumuona uso. Balinikataza. Lusenge naye alikufia mahali sitafika. Mais ule kijana alikata majani na mikono yake. Alimufunika uso kwanza. Ni ile tu niko nayo.”

Hakuna aliyepiga makofi. Kaswera alihama benchi lake akaja kuketi karibu naye, bega kwa bega, na zamu ikaendelea kwa mwanamke aliyefuata, ambaye alisema kwamba leo yeye hana kitu. Anne-Marie akasema ni sawa.

Je, alipata nafuu? Nadège alimuuliza hivyo hivyo jioni ile, kwa kuwa alikuwa na hamu ya kusikia ndiyo. Vagheni alisema kifua chake ni kizito vile vile kama asubuhi. Ila alikuwa amesema jambo la kweli mbele ya watu, nao hawakukimbia. Usiku ule alilala kidogo. Usiku uliofuata hakulala.

Shamba la Mutwanga lilivunwa na watu asiowajua. Issaka aliziona kakao zikipita Kasindi katika magunia mapya. Nyumba ya Nadège haikuweza kuwabeba siku zote, na jamaa ya bwana yake huko Kipese, juu kwenye baridi ya Lubero, aliwapa kipande cha kulima viazi. Vagheni hakuwahi kulima viazi. Udongo ule mweusi ulikuwa mgeni mikononi mwake, na asubuhi ukungu ulimwingia mifupani. Hata kule hakukuwa na uhakika. Watu wa sokoni walisema vita vingine vinapanda kutoka kusini, na baadhi ya familia zilikuwa zimeanza kufunga magodoro. Yeye hakufunga kitu. Alisema hajui tena upande ambao mtu anakimbilia.

Séphora alikwenda shule ya pale, akafanya alichoambiwa, akapata alama za katikati. Mwalimu alisema ni mtoto asiyesumbua.

Alasiri moja walikuwa shambani wawili, mama akichimbua, mtoto akikusanya. Viazi vilikuwa vidogo kwa sababu mvua ilizidi. Vagheni alisimama kunyoosha mgongo, akamtazama binti yake aliyekuwa akifuta udongo kwenye kiazi kwa kidole gumba, kwa uangalifu, kimoja baada ya kingine. Hakuwa amemuuliza habari za aksanti tangu ile Jumapili.

“Mama, leo hauna hata kimoja?” Vagheni alisema, akimwita binti yake mama kama wazazi wa kule wanavyofanya.

Séphora alifikiri. Alionekana kufikiri kweli, bila kiburi.

“Hapana,” alisema.

“Miye pia, leo siko nacho,” Vagheni akajibu.

Alijipachika kikapu mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso kama wanavyobeba wanawake wa kule, na Séphora akachukua jembe. Waliteremka kabla ukungu haujafunika njia. Nyumbani walichemsha viazi, wakavila vikiwa bado vya moto, wakafunga mlango kwa sababu ya baridi.